Mizani Kabla ya Soko: Zana za Kujaribia Barua Pepe na Programu za Simu



Katika miji ya Kiislamu ya zama zilizopita palikuwa na mtu aliyeitwa muhtasib. Kazi yake ilikuwa kupita sokoni akikagua mizani, vibaba na ubora wa bidhaa, kabla mnunuzi hajadhulumika wala muuzaji hajafikishwa kwa kadhi. Al-Shayzari, mwanachuoni wa Sham wa karne ya 12, alimwandikia mkaguzi huyo kitabu kizima cha mwongozo, kikieleza hila na uzembe wa kila fundi, kuanzia mwoka mikate na muuza nyama hadi muuza dawa. Tangu nilipokisoma chuoni nimekuwa nikiona kwamba jambo la thamani katika kazi ile ni wakati wake. Mizani ilikaguliwa kabla haijampunja mtu.

Nayasema haya kwa sababu ya swali ambalo vijana wetu wa kompyuta hupenda kuliuliza: katika zana zote za kujaribia programu na barua pepe, ipi ni bora? Swali hili haliwahusu wao peke yao. Siku hizi madrasa, shule, mifuko ya yatima na kamati za misikiti hutuma barua pepe kwa wazazi na wafadhili. Baadhi zina programu za simu kwa ajili ya ratiba za swala, karo na michango. Anayeipokea barua hiyo ni baba nyumbani, na anayeamshwa na programu hiyo kwa daku ni mama. Mara nyingi tena, anayeombwa dola za kulipia zana ni mzazi wa kijana anayejifunza kazi.

Kwanza tutenganishe timu mbili, maana zana zao hazifanani. Timu ya barua pepe hutunga ujumbe mmoja na kuutuma kwa watu wengi kwa mara moja. Ukishatoka haurudi. Timu ya programu hutoa toleo, na toleo likiwa na hitilafu hutolewa jingine la kulirekebisha. Kwa hiyo mtu wa barua anahitaji zana ya kumzuia asitume kabla ya wakati, na mtu wa programu anahitaji zana ya kurudia ukaguzi uleule kila anapogusa msimbo wake. Anayezilinganisha zana zote katika jedwali moja, kwa kuhesabu ipi ina mambo mengi, amelinganisha jembe na ndoana.

Juni 17, 2021, wateja wengi wa HBO Max, huduma ya filamu ya Marekani, walipokea barua iliyojitambulisha kuwa ni jaribio la mfumo, namba moja, na ndani haikuwa na maana yoyote kwao. Kampuni ilieleza hadharani kwamba aliyehusika ni kijana wa mafunzo kazini. Watu walicheka, kisha wengi wakamwandikia kijana yule maneno ya faraja wakisimulia makosa yao wenyewe ya kazini. Uungwana huo ulinifurahisha, lakini sikuridhika na maelezo. Ikiwa mwanagenzi anaweza kuwafikia wateja kwa kubonyeza kitufe cha jaribio, mwenye kuulizwa ni aliyejenga nyumba ambayo mlango wa uani na mlango wa barabarani ni mmoja. Yule mwanagenzi alipita tu katika mlango aliooneshwa.

Basi zana ya kwanza ya timu yoyote inayotuma barua iwe ile inayojenga ukuta baina ya jaribio na watu. Mailtrap hufanya kazi hiyo. Jina lake lenyewe kwa Kiingereza lina maana ya mtego wa barua. Programu yako hudhani imetuma, kumbe barua imenaswa katika kisanduku cha majaribio, unaisoma wewe na wenzako, na haifiki kwa yeyote mwingine. Huduma hii iko kwenye intaneti, ina kiwango cha bure chenye mipaka, na zaidi ya hapo unalipia. Mailpit hufanya jambo lilelile ndani ya kompyuta yako mwenyewe: ni faili moja unaloliendesha, huria, halina ada, na barua zilizonaswa unazisoma kwa kivinjari. Ndugu yake mkubwa, MailHog, bado anatajwa katika masomo mengi ya mtandaoni, ila matunzo yake yalisimama zamani, na kijana anayeanza leo hana sababu ya kuanza naye.

Kati ya Mailtrap na Mailpit, mimi kwa kazi za jamii yetu nachagua Mailpit, na sababu si fedha tu. Barua za majaribio aghalabu hubeba majina ya kweli. Kijana hunakili orodha ya wazazi kutoka faili la shule, akaitia katika mfumo wa majaribio ili aone kama jina la kila mzazi linakaa mahali pake. Ikiwa mfumo huo uko katika seva ya nchi nyingine, basi majina, anwani, na pengine deni la karo la kila nyumba vimesafiri nje bila wenyewe kujua. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na inagusa pia usafirishaji wa taarifa nje ya nchi. Kenya ilitangulia na sheria yake ya mwaka 2019. Kabla ya sheria hizo sisi tulikwishafundishwa neno amana. Mzazi alitoa namba yake ili aitwe mtoto wake akiugua. Hakuitoa ili iwe chambo cha majaribio.

Dawa yake ni nyepesi: tunga watu wasiokuwepo. Tangu mwaka 1999 wasimamizi wa kanuni za intaneti walitenga majina ya tovuti kama example.com yasimilikiwe na mtu binafsi, yatumike katika mifano na majaribio tu. Anwani yoyote ya kubuni unayoiweka chini ya jina hilo haimfikii mja. Nashangaa ni wangapi wanaoandika anwani za kubahatisha za Gmail wakidhani ni za uongo, ilhali upo uwezekano mkubwa kuwa mwenyewe yupo.

Barua ikishajaribiwa kwa usalama, linafuata swali la sura yake. Hapa ndipo Litmus na Email on Acid zinapoingia. Unazipa barua yako, zinakuonesha picha ya jinsi itakavyoonekana katika makumi ya programu za kusomea barua na aina za simu. Anayedhani barua huonekana sawa kila mahali hajakutana na Outlook ya zamani ya Windows. Tangu toleo la 2007, Outlook hiyo huchora barua kwa injini ya Word, yaani ya kuandikia nyaraka, na si ya kivinjari. Safu ulizozipanga vizuri huko hupangana upya. Gmail nayo huikata barua ambayo msimbo wake umezidi takriban kilobaiti 102, ikaweka kiungo cha kusoma iliyobaki. Katibu aliyenakili tangazo refu kutoka Word, likiwa na takataka zote zisizoonekana, anaweza kuufikia mpaka huo bila kujua. Kinachokatwa ni mwisho wa barua, mahali panapokaa namba ya akaunti ya mchango na kiungo cha kujiondoa.

Kwa barua zetu yapo mambo mawili ambayo muuza zana hatakutajia. La kwanza ni Kiarabu. Sentensi ya Kiswahili yenye Aya ndani yake hubadili mwelekeo katikati, kutoka kushoto kwenda kulia, kisha kinyume chake. Nukta, mabano na namba ya Aya huweza kuruka upande usio wake. La pili ni Bismillah iliyochorwa kwa wino mweusi katika picha isiyo na rangi nyuma. Kwenye simu iliyowekwa hali ya giza, weusi unakutana na weusi na Jina la Mola halionekani. Baadhi ya programu za barua pia haziioneshi picha mpaka msomaji aruhusu. Litmus na Email on Acid zitakuonesha kasoro hizi ukitazama, lakini lazima atazame mtu anayejua kusoma Kiarabu. Picha mia mbele ya asiyejua ni picha mia tu.

Je, zinastahili bei yake? Huduma hizi mbili hulipiwa kwa dola, na zimekusudiwa makampuni yanayotuma barua kila siku. Taasisi inayotuma barua moja kwa mwezi itafanya vyema kukusanya simu tano tofauti za wajumbe na kompyuta moja yenye Outlook, ikajitumia barua yenyewe kwanza. Ninyi mnaoandaa maombi makubwa ya Ramadhani yanayokwenda kwa ndugu walioko Oman, Uingereza na Canada, mwezi mmoja wa malipo una maana. Ila mtazame sharti la majaribio ya bure: nyingi katika huduma za namna hii huchukua namba ya kadi mapema, na siku zikiisha hukata zenyewe. Sitoi fatwa hapa. Nasema tu mhazini aiandike tarehe ya mwisho ukutani.

Sura nzuri haifai kitu kama barua imetupwa katika barua taka. Tangu Februari 2024, Gmail na Yahoo wamekaza masharti kwa watumaji wakubwa. Kwa Gmail, mkubwa ni anayetuma barua zinazokaribia 5,000 au zaidi kwa siku kwa watumiaji wake. Anatakiwa kuthibitisha utambulisho wake kwa njia tatu ziitwazo SPF, DKIM na DMARC, aweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na malalamiko dhidi yake yasifikie asilimia 0.3. Sisi wadogo hatufiki idadi hiyo, lakini hata mdogo hutakiwa kujithibitisha kwa SPF au DKIM. Zipo huduma, mail-tester ni mojawapo, ambazo hukupa anwani ya muda, ukaituma barua yako huko, zikakupa alama kati ya 10 na kukueleza kilichopungua. Kwa mhitaji wa kawaida hiyo inatosha.

Kuna maana nyingine ya neno majaribio katika kazi ya matangazo, nayo naitaja kwa kupita. Hutungwa vichwa viwili vya barua, kila kimoja kikatumwa kwa kundi dogo, na kilichofunguliwa zaidi ndicho huenda kwa wengine wote. Kulinganisha maneno mawili ya kweli hakuna tatizo. Lakini nimeona vichwa vinavyojifanya ni majibu ya barua ambayo msomaji hakuandika, au vinavyodai kuwa zimebaki saa mbili tu ilhali siku zimejaa. Huo ni uongo uliopimwa kwa takwimu. Na hata kipimo chenyewe kimedhoofika: tangu Septemba 2021, programu ya barua ya Apple huwapa watumiaji kinga inayopakua picha za barua kabla hawajaifungua, na mtumaji huhesabu kwamba imesomwa hali haijasomwa.

Sasa tuingie kwa wajenzi wa programu. Zana kongwe inayojulikana zaidi ni Selenium, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Jason Huggins katika kampuni ya ThoughtWorks huko Chicago. Jina lilizaliwa kwa mzaha: kulikuwa na kampuni shindani iitwayo Mercury, yaani zebaki, naye akatania kwamba seleniamu hutibu sumu ya zebaki. Selenium huendesha kivinjari kama vile mtu ameketi mbele yake, hubofya, huandika, husoma kilichotokea. Ni ya tovuti. Wanaojenga tovuti upya leo wengi huvutwa na Playwright ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2020, kwa sababu husubiri yenyewe ukurasa uwe tayari na hivyo hupunguza majaribio yanayofeli bila sababu.

Kwa simu zipo njia mbili. Google ina Espresso kwa Android, na Apple ina XCUITest kwa iPhone. Hizi ni za mwenye nyumba: zinakwenda kasi na zinaijua simu kwa ndani, ila kila moja hubaki upande wake. Appium huandika jaribio kwa namna moja na kuliendesha pande zote mbili, lakini huwa nzito, na kuisimika kunahitaji subira. Kijana mmoja anayejenga programu ya Android kwa ajili ya msikiti wake hana haja na Appium. Aanze na Espresso. Timu yenye watu wanne na iPhone ndani yake ndiyo ipime uzito wa Appium. Asiye na simu za kutosha anaweza kukodi simu za mbali kwa BrowserStack, ambayo chimbuko lake ni India, au kutumia Firebase Test Lab ya Google, yenye kiasi cha bure na roboti inayoizunguka programu yako ikibofya kila inachokiona.

Lakini zana zote hizi zina mpaka mmoja. Zana hukuambia kwamba programu imefanya ulichotaraji. Haiwezi kukuambia kama ulitaraji haki.

Chukua programu ya nyakati za swala. Alfajiri huhesabiwa kwa pembe ya jua chini ya upeo wa macho, na taasisi za dunia hazikuafikiana juu ya pembe hiyo. Jumuiya ya Waislamu wa Amerika Kaskazini hutumia nyuzi 15, Rabita ya Makka 18, na mamlaka ya upimaji ya Misri 19.5. Kwetu Dar es Salaam, karibu na ikweta, jua huzama na kuchomoza karibu wima, na kila nyuzi moja ni kama dakika nne. Tofauti ya nyuzi 15 na 19.5 ni takriban dakika 18 hadi 20, kulingana na msimu. Programu iliyoundwa kwa kigezo cha Marekani na kuwekwa katika simu ya Temeke itapita kila jaribio la Espresso kwa alama ya kijani, kwa sababu mjenzi alitaraji nyuzi 15 na nyuzi 15 zimepatikana. Lakini mwenye kufunga kwa kuifuata programu hiyo ataendelea kula daku wakati msikiti wa jirani umekwishaadhini. Kipi ni sahihi ni suala la maulamaa na wataalamu wa falaki, wala si la mjaribu programu. Kazi yake ni kuichukua ratiba iliyoidhinishwa na msikiti, akaitia katika majaribio tarehe kwa tarehe, ili mashine ipimwe kwa ratiba hiyo na siyo kwa dhana ya aliyeiandika.

Na saa yetu je? Mfasiri hugeuza 7:00 ikawa saa 7:00 asubuhi, na bibi anayesoma hucheka, kwa sababu asubuhi haina saa saba. Ujumbe unaosema darsa ni saa 12:30 unaweza kueleweka kuwa mchana au jioni, kutegemea aliyeusoma anahesabu saa kwa namna gani. Roboti ya Google haitaligundua hilo hadi Kiyama.

Kisha kuna usingizi wa simu. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu iliyolala hulimbikiza kazi za programu ili kuhifadhi betri. Android 12 ikaongeza ruhusa maalumu kwa kengele zinazohitaji dakika kamili, na katika Android 14 programu nyingi mpya hunyimwa ruhusa hiyo mpaka mwenye simu aitoe. Matokeo ni adhana isiyolia, au inayolia mwenye simu akiigusa baada ya jua kutoka. Katika simu ya kuigiza iliyo ndani ya kompyuta kila kitu huwa sawa, kwa sababu iko macho muda wote. Ipo amri ya kuilazimisha simu ya majaribio ilale, na kila mjenzi wa programu ya swala aijue. Hata hivyo watengenezaji wa simu za bei nafuu huongeza kanuni zao za betri juu ya zile za Google. Tecno na Infinix zilizojaa mitaani kwetu zijaribiwe zenyewe, usiku kucha, kando ya kitanda cha mtu.

Nimeacha kwa makusudi pale timu mbili zinapokutana, kwa kuwa ndipo pengo hujificha. Mzazi amesahau nenosiri la programu ya shule. Programu hutuma barua, barua ina kiungo, na kiungo hufungua programu. Timu ya barua ilijaribu barua, ikapendeza. Timu ya programu ilijaribu ukurasa wa nenosiri, ukafanya kazi. Hakuna aliyekifuata kiungo kutoka barua hadi ukurasa, na huenda kinaelekea kwenye seva ya majaribio iliyozimwa. Hapa Mailpit na Playwright hufanya kazi pamoja: jaribio moja huomba nenosiri, huisoma barua iliyonaswa, hukitoa kiungo na kukifungua. Taasisi ikiwa na uwezo wa kuandika jaribio moja tu la mashine mwaka mzima, liwe hilo.

Kwa anayekusudia kuiweka programu yake Google Play, ajue kwamba akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya Novemba 13, 2023 hazipewi ruhusa ya kutoa programu kwa umma mpaka programu ijaribiwe na watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo. Mwanzoni walitakiwa 20, idadi ikapunguzwa Desemba 2024. Vijana wengi hulalamikia sharti hili, na baadhi hununua wajaribu mtandaoni, watu wasiojulikana ambao huisimika programu na hawaifungui tena. Mwenye msikiti hana haja ya kununua. Waombwe 12 katika safu za Ijumaa, kwa ridhaa yao, na waandikwe pamoja na aina za simu zao: wawe na mwalimu wa madrasa, muuza duka, mwanafunzi, na akina mama wasiopungua watano kwa kuwa ndio wanaoamka mwanzo kwa daku. Awemo mzee asiyeona herufi ndogo, na mwenye simu iliyovunjika kioo. Muda wa siku 14 uishe kabla ya Shaaban kuingia, ili mjenzi abaki na mwezi mzima wa kurekebisha.